Simu Isiyojua "Fromage"

Jamani, shangazi yangu, Tantine Furaha, ameniua kwa kicheko leo!

Nimempeleka kwenye maonyesho ya simu mpya hapa Durban. Kuna hata kompyuta nyembamba kama chapati, lakini yeye alitaka picha moja tu ya kutumia ndugu kule Bukavu. Nywele alisuka jana.

Muuzaji, kaka mmoja, akamshikisha simu: "Mama, sema 'cheese', itapiga picha yenyewe."

Tantine akatabasamu. "Fromage!"

Simu haikupiga.

"FROMAAAGE!"

Si ndiyo cheese, jibini, kwa Kifaransa? Eish, simu haijasoma Kifaransa!

Muuzaji akasogeza kichwa karibu na chake: "Hapana, Mama. CHEESE!"

Kacha!

Wawili shavu kwa shavu, meno yote nje. Tantine akaihamishia picha kwenye simu yake kwa Bluetooth, akaituma hivyo hivyo.

Sasa Bukavu wanauliza harusi ni lini. Mnisaidie kujibu, maana Tantine mwenyewe hajakana!