Gauni la Vipande Lililokwenda Beni

Nilikwenda Beni mwaka ule wa vita kwa sababu mimi ni mrefu. Sababu nyingine sina. Shemeji yangu Kambale, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa nguo kwenye baraza moja karibu na soko la Butembo, na alikuwa ameshona gauni ambalo halikumkaa mwanamke mwingine yeyote mtaani. Alilipimia mwilini mwangu jioni baada ya jioni, nikitoka shuleni ninakofundisha, kwa kuwa mimi tu nilikubali kusimama muda wote huo bila kudai chai.

Mashini yake mwenyewe ilibebwa na askari siku walipopora mtaa wetu. Tangu hapo alishonea ya kuazima, na mwenye nayo alikwisha kumwambia kwamba mwisho wa mwezi atakuja kuichukua. Ndipo padri akatangaza baada ya misa kwamba masista wa Beni wanaandaa shindano la mafundi. Barabara zilikuwa zikifungwa kila mara na vitambaa vipya haviingii, basi masista walitaka kuona nguo nzuri iliyotokana na kitambaa kilichokwisha kutumika. Kununua kipya ni marufuku, na kila fundi atasema mbele ya watu alikotoa vitambaa vyake. Zawadi ilikuwa mashini mpya ya kukanyaga. Kambale hakulala vizuri tangu Jumapili hiyo.

Gauni lilikuwa la vipande vya vikwembe, ndivyo vitenge kwetu, vingine vidogo kama kiganja, vimeungwa kwa mpango wa rangi hata ukadhani ni kitambaa kimoja kilichofumwa hivyo. Niseme kweli, sijavaa tena kitu kizuri kama kile. Lakini begani nilitambua kikwembe changu cha ubatizo wa mwanangu wa kwanza, kile ambacho Kambale aliniapia kwamba kiliisha chote. Neno hilo nililiweka akiba. Nilitaka kitu cha kumchokoza nacho njiani.

Asubuhi, Butembo. Tulipanda lori lililobeba viazi na maharagwe ya Musienene. Kulikuwa na ukungu na baridi, nami nilivaa sketi, blauzi na sweta la mume wangu. Kambale alipakata gauni ndani ya mfuko wa unga kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Tulipopita nyumba za mwisho nikaanza.

“Kambale, ile kikwembe ya batisimu, iliisha kweli?”

Akatazama viazi. “Shemegi, kitambaa ya muzuri inapungukaka yenyewe.”

“Inapunguka, inaenda ku bega?”

Abiria walicheka sana. Kila mmoja wao alikuwa na fundi wake aliyemlia kitambaa, akabakiza kipande na kuapa kwamba kimeisha. Kwetu mteja anajua, fundi anajua kwamba mteja anajua, wanagombana kidogo, halafu mteja anarudi na kitambaa kingine.

Kabla ya kufika Kalunguta tulikuta bariyeri, kizuizi cha barabarani. Askari mmoja, mtu wa mkoa wa mbali, alifungua mfuko na kulitandaza gauni juu ya mikono yake.

“Kitoko mpenza!” alisema kwa Kilingala, kwamba ni zuri mno. “Bibi yangu atavala hii.”

 Niliiona mashini ya masista ikipotea pale pale barabarani, na hofu ikanipa ujasiri nisiokuwa nao.

“Chef, ni yangu. Bibi yako iko murefu sawa miye?”

“Vala tuone.”

Nikalivaa juu ya sweta. Mke wa askari alikuwa akichoma mahindi kando ya kizuizi. Alikuja akasimama karibu nami, kichwa chake kikaishia kwapani mwangu. Akalitazama gauni, akaitazama njia yenye tope, akacheka mpaka akajishika magoti.

“Tika bango bakende!” alimwambia mumewe, yaani atuache twende. “Ile robe itafagia njia, na miye ndani.”

Tukaachwa tuende, na hindi moja la kuchoma juu yake. Kambale alinisihi nisilivue tena, maana mbele bado kulikuwa na vizuizi, na mfuko humtamanisha askari kuliko mwanamke aliyevaa nguo yake. Hivyo ndivyo nilivyoingia Beni, juu ya magunia ya viazi, nimevaa gauni la sherehe juu ya sweta, jasho likinitiririka.

Mchana, Beni. Sista mkuu wa kituo cha ushonaji alitupokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini.

“Mama, ni wewe njo wa mashindano?”

“Ni miye, Masera. Unipatie maji kwanza.”

Nilivua sweta, nikanywa, nikasindikizwa ukumbini. Viti vilikuwa vimejaa wanawake waliokimbia vijiji vyao, wengi wa upande wa Lubero ambao zamani walishonesha nguo Butembo, wamekuja kujionea kitu cha kufurahisha macho. Fundi mmoja wa Kalunguta alionyesha koti la magunia ya kahawa, limekatwa vizuri ajabu. Kisha tukaitwa sisi. Nilitembea nilivyoona wanawake wakitembea siku za arusi, na watu wakapiga vigelegele. Nilimwona Kambale akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu bariyeri.

“Donc, fundi,” Sista akamwuliza, “hii vitambaa ulitoa wapi?”

“Masera, ni vile vinabakiaka ku kazi.”

Hapo mwanamke mmoja akasimama katikati ya viti. Alikuwa Mama Katungu wa Alimbongo, mteja wake wa zamani.

“Kambale! Ulinambia kikwembe iliisha! Nilivala mikono mifupi ku arusi ya mutoto wangu!”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, hata Sista alificha mdomo. Kambale alitamani sakafu immeze. Mama Katungu akaja mbele amekunja uso, tayari kwa ugomvi, akashika kipande cha kijani kiunoni mwangu. Kisha hasira ikamtoka usoni. Alikipapasa kwa kidole gumba, polepole.

“Njo ile yenyewe,” alisema. “Vitu biliungula byote mu nyumba. Mutoto wangu Masika iko ng'ambo ya vita, hapana habari. Sikuwaza kama nitaona tena kitu ya arusi yake.”

 Kambale alimtazama, akatazama mashini iliyokaa juu ya meza na utepe wake mwekundu. Akatoa mkasi mfukoni.

“Kambale, mashini!” nilimnong'oneza.

“Simama muzuri, shemegi. Usitikisike.”

Akakata kile kipande kwa kufuata mshono wake mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. “Wasingya,” alishukuru Mama Katungu kwa Kinande, akakifunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwani. Wanawake wengine wakaanza kusogea, wakinizunguka, wakitafuta. Mmoja alikuta kikwembe cha ubatizo wa mwanawe, mwingine kikwembe cha marehemu mama yake. Mkasi ulipita mgongoni, ubavuni, kwenye pindo. Nilisimama pale nikilia wazi wazi, nikimshukuru Mungu kwa sketi na blauzi yangu ya chini.

Mashini ilikwenda na yule wa Kalunguta, kwa haki kabisa. Sista alikuja baadaye, macho mekundu.

“Robe iko na matundu, fundi. Siwezi. Lakini kamata hii.” Akampa pakiti ya sindano.

Kesho yake tulirudi kwa lori la magunia matupu. Gauni lilirudi mfukoni. Kwenye bariyeri yule askari alilifungua tena, akaona matundu, akatuuliza kama tulipigana. Mkewe alitugawia hindi lingine.

Butembo. Mwisho wa mwezi mwenye mashini alikuja akaichukua, kama alivyosema. Kambale aliweka kiti barazani, na sindano za Sista. Nguo za Noeli alizimaliza karibu na Pasaka, na wateja walimsema kila walipopita. Lakini hawakuhama. Habari za Beni zilikwisha kufika sokoni kwa watu wa malori, na siku moja nilimsikia mama mmoja akimkabidhi kikwembe kipya.

“Kata, fundi. Lakini kipande moya ubakishe. Tukikimbia, nitajua mahali iko.”

Baada yake walisema hivyo wengi. Mimi niliyewafundisha watoto miaka yote kwamba mwizi ni mwizi, nilijifunza kwamba kuna kitambaa ambacho ni salama zaidi kikiwa mikononi mwa fundi aliyekila. Kipande changu cha begani hakikukatwa, nacho nimekiacha pale pale. Na nikimpelekea Kambale kikwembe, nakaa kwanza barazani nisubiri aniapie kwamba kimeisha chote, ndipo naondoka nimetulia.