Mabakuli Matatu ya Mihogo

Mjukuu wangu, andika kama ninavyosema, wala usiniongezee maneno ya kupendezesha. Umeniuliza mama yako aliupita vipi mtihani wa mitandao ya kompyuta ilhali nyumba yetu haikuwa na kompyuta hata moja, na mimi niliyekuwa nikimsimamia sikupata kuingia darasani hata siku moja katika maisha yangu. Nitakueleza. Wino ukiisha uniambie, usije ukaruka sentensi ukidhani sitajua.

Tulikuwa tukiishi Mwananyamala, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua kwa nyuma. Biashara zilikuwa zimeshafunguliwa. Madukani kulikuwa na sabuni za kila harufu, mitumba ilipangwa mpaka kwenye kingo za barabara, na nyumba iliyokuwa pembeni mwa mtaa wetu ilikuwa imenunua televisheni, jambo lililowafanya watu wengi kugundua kwa ghafla kwamba wenye nyumba ile walikuwa jamaa zao wa karibu. Mama yako alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amefika huko kabla yake. Posa mbili zilikuwa zimeletwa, nami nilizirudisha zote mbili kwa adabu, nikisema mtoto amalize kusoma kwanza.

Siku moja alirudi kutoka chuoni akakaa mkekani bila kuvua viatu. Nilijua hapo hapo kuna jambo, kwa sababu mtoto niliyemlea mimi hakanyagi mkeka na viatu.

“Mama, nimeanguka somo moja.”

“Somo gani?”

“La mitandao. Namna kompyuta zinavyopelekeana habari. Nina mtihani wa marudio baada ya Idi. Nikishindwa na huo, chuo kinanirudisha nyumbani.”

“Kwa muda gani?”

“Moja kwa moja, mama.”

Nikamwambia avue viatu, anieleze somo lenyewe lilikuwa linasema nini.

Akaniambia, “Mama, hutaelewa.”

Hilo neno halikunifurahisha, na liandike kwamba halikunifurahisha. Nilimjibu hivi: “Kama huwezi kunieleza mimi niliyekuzaa, ambaye nina muda na ninakupenda, basi yule mwalimu wako asiye na muda utamweleza nini?” Tangu siku hiyo nikaweka sharti. Kila alasiri, wakati mimi ninapika futari, yeye atakaa uani na makaratasi yake na kunifundisha somo hilo kwa Kiswahili. Neno ambalo hawezi kulifafanua, hajalijua.

Mwenzake mmoja wa darasani naye alikuwa ameanguka somo hilo hilo. Alikuwa kijana kutoka Rukwa, Mkristo, mrefu, mwenye aibu, aliyekaa kwa mjomba wake Manzese, ambako alisema hawezi kusoma kwa sababu chumba kilipakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Aliomba kuja kusoma kwetu. Nilimkubalia, lakini mimi sikubali mtu akae bure katika ua wangu. Nilimpa mbuzi na nazi tatu. Akawa anasoma makaratasi yaliyotandazwa mbele yake huku ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na kwa kuwa hakuwa mfungaji, alikuwa na kazi nyingine ambayo mimi na mama yako tusingeweza kuifanya mchana wa Ramadhani.

“Wewe hufungi. Onja chumvi.”

“Iko sawa, mama.”

“Jana pia ulisema iko sawa, na tambi zilikuwa kama maji ya bahari.”

“Niliogopa, mama.”

“Niogope mimi, lakini usiidanganye chumvi.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza mambo ya mitandao. Na nikwambie ukweli, hayakuwa magumu kama nilivyotishwa. Walinieleza kwamba kompyuta ikitaka kupeleka barua ndefu kwa kompyuta nyingine, haiipeleki nzima. Inaikata vipande vipande, na kila kipande kinaandikwa anwani ya kule kinakokwenda. Vipande vinatoka kimoja kimoja, kila kimoja kinapita njia yake, kimoja huku, kingine kule, na kilichotoka nyuma kinaweza kufika kwanza. Aliyepokea analazimika kurudisha neno kwamba kipande kimefika. Neno lisiporudi, aliyetuma anahesabu kwamba kimepotea njiani, naye anakituma tena.

Nilisema, “Hayo ni mambo ya watu wenye akili. Sasa umeanguka wapi?”

Mama yako akanionyesha karatasi yake ya mtihani, kana kwamba ningeweza kuisoma. Alisema kulikuwa na swali lililouliza kwa nini kila kipande kinapewa namba.

“Na kwa nini kinapewa namba?”

“Ili kupangwa, mama. Vikifika vimechanganyika, vipangwe upya.”

“Hilo ni jibu zuri.”

“Ni nusu yake. Mwalimu aliandika pembeni kwamba kuna sababu ya pili. Akasema hata barua ya kipande kimoja tu ingehitaji namba.”

Niliwaza. Kitu kimoja kiwe na namba ya nini? Nilimgeukia yule kijana juu ya mbuzi. “Na wewe uliandika nini?”

“Niliandika kwamba ni utaratibu, mama. Ndivyo ilivyo kwenye notsi za mwalimu.”

“Hilo si jibu. Hata anayetembea usingizini ana utaratibu wake.”

Wakacheka wote wawili, lakini sababu ya pili hawakuwa nayo, na siku zilikuwa zinakwenda. Mama yako alikuwa ameanza kukonda, na kukonda kwake hakukuwa kwa saumu. Alikuwa anakariri. Nilimsikia akitembea uani akitamka Kiingereza kama mtu anayesoma talasimu.

Sasa ni lazima nikueleze desturi yetu, maana nyinyi wa siku hizi mnatumiana picha za chakula badala ya chakula. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, nilikuwa nikipeleka futari kwa shoga yangu aliyekaa uchochoro wa tatu kutoka kwetu. Naye aliniletea. Bakuli langu likifika kwake, hapeleki shukrani kwa mdomo wa aliyelileta. Hiyo kwetu ni dharau, kana kwamba unamlipa mchukuzi. Anapakua cha kwake, anamtuma mkwewe alete, na kile chombo chake kikiingia mlangoni kwangu ndipo najua changu kimefika. Kwa miaka mingi jibu lake halikupata kuchelewa kupita adhana.

Siku hiyo nilipika mihogo ya nazi. Nilipakua bakuli moja, nikalifunika kawa, nikampa mama yako akalipeleka. Akarudi. Nikangoja. Jibu halikuja.

“Ulimkabidhi nani?”

“Mkwewe, mama. Mlangoni.”

“Mkono kwa mkono?”

“Mkono kwa mkono.”

Nilitazama jua. Lilikuwa limebaki kidogo sana. Nikawaza kwamba huyu mtoto kichwa chake kimejaa vipande na anwani, huenda ameliacha bakuli nyumba siyo, na shoga yangu atafungua saumu akiangalia mlango. Nikapakua bakuli la pili, nikampa yule kijana, na nikamwelekeza apite njia ya kisimani, asipite alikopita mwenzake. Akaenda na miguu yake mirefu, akarudi.

“Umempa nani?”

“Nilipiga hodi, mama. Sauti ya mtu mzima ikasema kutoka ndani, weka hapo barazani. Nikaweka.”

“Barazani! Kuna paka wangapi mtaa ule?”

“Sikuwahesabu, mama.”

Jibu halikuja. Hapo nilishikwa na kitu ambacho nilikiita wasiwasi, lakini leo nakiita jina lake, kiburi. Sikuweza kuvumilia kwamba chakula changu kimetoka na sijui kiko wapi. Nikapakua bakuli la tatu, ambalo kwa hakika lilikuwa la kwetu wenyewe, nikamtuma mama yako tena. Alitaka kusema jambo. Nilimtazama, akaenda.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na maji. Sijamaliza tende ya pili nikasikia hodi mlangoni, hodi ya mtu ambaye hasubiri kukaribishwa. Alikuwa ni shoga yangu mwenyewe, ameshika mabakuli yangu matatu, moja ndani ya jingine, matupu na yameoshwa.

“Shoga, umesikia nini juu yangu?”

“Nisikie nini?”

“Umesikia kwangu hakupikwi? Bakuli la kwanza nilisema, shoga yangu ananikumbuka. La pili nikasema, labda leo kapika nyingi. La tatu nikajiuliza, kwani mimi ni msikiti?”

“Mbona hukujibu?” nikasema.

“Sikujibu? Nilikuwa sijalifunua bakuli lako la kwanza, kaimati zangu zimeshatoka!”

Wakati huo huo mkwewe akaingia, anahema, na sahani ya kaimati mkononi, zimepoa mpaka zimeshikana. Alikuwa amepitia ile nyumba ya pembeni kuchungulia televisheni kidogo. Mchezo ulikuwa umefika mahali mume anakaribia kugundua siri ya mkewe, na yeye akasema atazame agundue tu ndipo aondoke. Mume hakugundua mpaka adhana.

Kwa hiyo bakuli langu la kwanza lilikuwa limefika salama. Kilichopotea njiani ni jibu. Na mimi, kwa kukosa jibu, nilikuwa nimemtumia mwenzangu kitu kile kile mara tatu mpaka nikamtukana. Nilisimama. Nilimwambia, “Nisamehe, shoga,” mbele ya binti yangu, mbele ya mkwewe na mbele ya kijana wa watu. Hilo neno si jepesi kinywani mwangu. Wewe mwenyewe umenisikia nikilisema mara ngapi?

Shoga yangu hakuwa mtu wa kuweka moyoni. Aliketi. “Ungenambia tu kwamba la pili ni lile lile la kwanza,” akasema. “Ningejua umekosa jibu, ningekuletea habari mwenyewe. Lakini yote yamefunikwa sawasawa, mihogo ile ile. Ningejuaje kama ni lile lile au umenipa jingine?”

Mama yako akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Namba! Mama, namba!”

“Huyu ana nini?” shoga yangu akaniuliza.

“Ana mtihani,” nikamjibu.

“Lile lile au jingine! Ndiyo sababu ya pili!” Alikuwa amemshika mwenzake mkono wa shati, kisha akakumbuka nipo, akauachia. “Jibu likipotea, aliyetuma anarudia. Aliyepokea hawezi kujua kama amerudiwa au ameletewa kipya. Ila kikiwa na namba, anajua!”

Yule kijana akainuka, akaanza kumweleza shoga yangu kwa heshima kubwa, akitumia mabakuli yenyewe. “Tuseme, mama, hili limeandikwa moja. Likaja hili, nalo limeandikwa moja. Unajua ni lile lile limerudiwa.”

“Sawa. Na hili la pili nilifanyeje?”

“Unalitupa, mama. Halafu unarudisha jibu tena.”

“Nitupe mihogo ya nazi? Mwezi wa Ramadhani?”

“Kwenye kompyuta, mama.”

“Basi hizo kompyuta hazina adabu,” akasema shoga yangu, akachukua kaimati moja iliyoshikana na nyingine, akala zote mbili. “Na wewe, shoga, haraka yako ilikuwa ya nini? Si unajua jibu langu linachukua muda gani? Ungesubiri muda huo na kidogo zaidi, ndipo uhangaike.”

Nilimpakulia maharage, kwa kuwa mihogo haikuwepo tena.

Baada ya Idi wakafanya mtihani. Lile swali la namba halikuja. Ndiyo, andika hivyo, halikuja. Mama yako alirudi akaniambia kwamba badala yake waliulizwa aliyetuma asubiri kwa muda gani kabla ya kurudia, na akisubiri kidogo mno kuna madhara gani. Alisema aliandika kurasa mbili na nusu bila kuinua kichwa. Nilimuuliza kama alinitaja. Akasema mtihani hautaji majina ya watu. Nikamwambia afadhali.

Matokeo yalichukua wiki tatu. Katika wiki hizo sikumuuliza lolote, naye hakunieleza lolote, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole. Posa ya tatu ilikuja katika wiki ya pili. Sikuirudisha wala sikuipokea. Nilisema mtoto ana udhuru.

Alipokuja na habari nilikuwa nachagua mchele. Alivua viatu kwanza, akaja akachuchumaa mbele yangu.

“Nimepita, mama.”

“Na mwenzako?”

“Naye amepita. Amenizidi alama moja.”

“Kwa nini akuzidi?”

“Mama!”

“Nimeuliza tu.”

Nikamalizia mchele ule, punje kwa punje. Kisha nikamwambia ale, nikajifunga kanga ya kutokea, nikatoka nje bila kuwa na safari yoyote. Nilipita uchochoro mmoja baada ya mwingine. Watu waliniamkia kama kawaida, na kila aliyeniamkia nilimwitikia, kisha nikamwambia kwamba binti yangu anarudi chuoni Jumatatu. Hata muuza mkaa, ambaye hakuwa ameniuliza kitu, nilimwambia.