Begi la Hellena

Hakuna aliyemuuliza Silvana kama angependa kwenda Ulaya, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kwa miaka kumi na tisa aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na sare za wanakwaya wote alizishona yeye, hapo kwenye kibaraza chake cha mtaa wa Mazwi. Lakini mwaliko wa kongamano la kwaya nchini Poland ulipofika, kamati ilimteua Hellena, aliyejiunga juzijuzi tu, ambaye Silvana mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuvuta pumzi kabla ya kupandisha sauti.

"Mwanafunzi kampita mwalimu," Basil, mpiga kinanda, alimtania alipokuja kufuata suruali yake. Silvana alicheka kwa meno tu, akamkabidhi suruali ikiwa imepungua kifungo kimoja.

Siku mbili baadaye Hellena alifika na simu mkononi. Sista Winifrida, mzaliwa wa kijiji cha Kate anayesoma Roma, alikuwa amemtumia maelekezo marefu, na Hellena akampa Silvana asome. Mpaka Roma angepanda ndege kubwa. Kutoka hapo kwenda Poland angepanda ndege ya bei nafuu, na ndege hizo, aliandika Sista, zina masharti kuliko mganga. Ujiandikishe kwa simu siku moja kabla na uchapishe karatasi ya kupandia, la sivyo utatozwa uwanjani. Hata maji huuzwa. Viwanja vyao mara nyingi viko mbali na mji, kwa hiyo uulizie mapema basi la kwenda mjini. Begi ni moja, dogo, la kukaa chini ya kiti: sentimita arobaini kwa thelathini kwa ishirini, pamoja na vishikio na mifuko ya nje. Mlangoni kuna kisanduku cha chuma cha kupimia. Begi lisipoingia, utalipa au utaacha vitu, foleni nzima ikikutazama.

"Naomba unishonee wewe, dada," Hellena alisema. "Na uniwekee mfuko mkubwa kwa nje, wa unga wa ulezi. Siwezi kufika kwa watu mikono mitupu."

Silvana alikuwa ameyasoma vizuri yale maneno kuhusu mifuko ya nje. Alijibu, "Sawa," akakata kitambaa.

Wiki ile cherehani yake iliimba. Kila alipokanyaga pedali alimwona Hellena amepiga magoti kwenye sakafu inayong'aa, akipakua unga mbele ya Wazungu, na moyo wake ukapata burudani ambayo hakuiungama kwa padri. Mfuko wa nje aliupiga mshono mara mbili. Hakuwahi kushona kitu kizuri namna ile.

Ijumaa Hellena alikuja na unga aliouchekecha mama yake. Aliujaza mfukoni, akalivaa begi mgongoni, akageukageuka mbele ya kioo huku akiwaonyesha wapita njia.

"Huko wakiniuliza," alisema, "nitawaambia hii ni kazi ya Silvana wa Mazwi, Sumbawanga."

Hapo Silvana akauchukua utepe wa kupimia. Kwenye kile kisanduku, basi, jina lake nalo lingepimwa. Alimwomba alivue begi, akalizungushia utepe. Unene ulikuwa sentimita ishirini na nane.

"Halitaingia," alisema.

"Kumbe ulikosea, dada?"

"Sikukosea."

Hellena alimgeukia. "Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilisoma vizuri kuliko wewe. Na mimi ndiye niliyestahili kwenda, Hellena. Miaka kumi na tisa."

Hellena akakaa kwenye benchi la wateja, uso umemwiva.

"Najua ulistahili," alisema. "Na bado nitakwenda."

Hakuna aliyeomba msamaha. Silvana aliutoa unga, akachukua wembe, akaanza kuufumua ule mfuko mzuri uzi kwa uzi, na mkono ulimuuma kama anayejifumua mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea koti zito la safari alilokuwa amelivaa Hellena.

"Lete hilo. Unalovaa mwilini halipimwi. Nitakuwekea mifuko kwa ndani, unga ugawanyike kushoto na kulia."

Hellena alivua koti akampa, lakini hakurudi kwenye benchi. Alisimama pembeni ya cherehani, akauchukua utepe, akapima kila kipande mwenyewe kabla hakijashonwa.