Mwanaume Aliyemtungia Dobi Wimbo

Bendi nzima ilikubaliana kwamba wimbo ule alioleta Dobi, mwitikiaji wao, ulikuwa mkali mno kuwa wa mwanamke. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, maneno yana hasira, na katikati kuna kimya cha ghafla kinachokufanya ujishike kifua. Mwanamke anayeitikia nyuma kwenye bendi ya roki, kwa imani yao, akitunga sana atatunga wimbo wa kuachwa.

"Dada, mficha uchi hazai," alisema Jenerali, mwimbaji wao. Jeshini hajafika hata getini, ila ana koti lenye nyota. "Nani kakuandikia?"

"Mimi."

"Sawa. Lakini nani?"

Dobi akacheka. Kutwa nzima anasimama mbele ya mashine za kufulia, na zikishazungusha mashuka mazito hupiga mdundo ambao mpiga dramu wao anautafuta tangu azaliwe. Wimbo ulizaliwa pale pale. Akawaeleza hivyo. Wakatazamana kama polisi waliopewa uongo wa kwanza wa siku.

Upelelezi ukaanza. Mpiga dramu akapeleka shuka lake kufuliwa, lengo likiwa kuchungulia nyuma ya kaunta kuna mwanaume gani. Alikuta akina mama tu na paka dume. Wakamjadili paka kwa muda.

Hatimaye wakampata mume wa Dobi, kinyozi mpole, akinyoa kichwa cha mteja huku akipiga mluzi wimbo uleule. Kumbe! Wakapeana mikono hapo hapo kwenye dirisha la kibanda chake.

"Shemeji, sisi si watoto," Jenerali alimnong'oneza. "Jumamosi tunarekodi. Litakaloandikwa kwenye wimbo ni jina lako. Njoo."

Kinyozi akafungua mdomo kukataa. Kisha akajiona kwenye kioo, na kile cha mbele, na kile cha nyuma, akafunga mdomo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kinyozi akisifiwa hununua miwani myeusi.

"Ya nini hiyo?" Dobi alimuuliza.

"Jua, mke wangu."

"Humu chumbani?"

"Linapenya."

Siku ya pili yakaja mabuti. Ya tatu, manukato. Dobi akanusa kola za mashati yote, kazi anayoijua vizuri, asipate harufu ya mwanamke yeyote. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Jumamosi akaingia studio na gitaa lake, akamkuta mumewe kwenye kiti cha heshima, kikombe cha chai mkononi, wote wakimwita Mtunzi. Kinyozi akaangalia dari. Dobi alielewa. Alitaka kuona chai itamshuka vipi.

Fundi mitambo akasema wimbo ni mfupi, unadai ubeti mmoja zaidi.

"Mtunzi, tupe," akasema Jenerali.

Kinyozi akatoa jasho. Akakohoa. Akaomba sukari.

"Dada, tupishe kidogo," Jenerali akamgeukia Dobi. "Mtunzi anahitaji utulivu."

Dobi akatoka uani, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupiga gitaa na kuimba. Ubeti alikuwa nao siku zote. Ukaingia dirishani wote, na hasira yake, na kimya chake. Mpiga dramu akainuka, akalifunga dirisha.

"Kelele hizo zinamchanganya Mtunzi."

Kinyozi akavua miwani. "Lifungue, bwana. Ndiyo ubeti wenyewe. Mimi najua kunyoa tu."

Dobi akarudi ndani, akampita mumewe. "Heri ungekuwa na mwanamke," akamwambia, kisha akasimama mbele ya maikrofoni. "Naimba mimi, na jina ni langu. Hamtaki, ubeti unarudi kwenye ndoo."

Fundi mitambo hakusubiri Jenerali, akabonyeza kitufe.

Wimbo sasa unapigwa redioni na jina la Dobi linatajwa. Kinyozi amerudishiwa ruhusa ya kupiga mluzi, lakini si mbele ya wateja. Jenerali naye amempongeza vizuri tu: "Hongera, dada. Hivi marehemu baba yako alikuwa mtu wa muziki?"

Marehemu alikuwa mlinzi wa ghala, na sauti pekee aliyojulikana nayo ni ya kukoroma. Lakini lisemwalo lipo, na juzi mpiga dramu alibisha hodi kwa mama yake Dobi, akauliza kwa adabu kama mzee aliacha gitaa.

"Aliacha suruali," mama akamjibu. "Nikupe?"