Gauni la Kukamulia

Kila ninaponusa maziwa mabichi yaliyochanganyika na moshi wa kuni, namwona baba akiwa ndani ya gauni la mama.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini Tukuyu, na ng'ombe wetu, aliyezoea harufu ya mama tu, alimpiga baba teke kila alipomkaribia. Kiwele kilikwisha kuvimba; asipokamuliwa angeugua. Ndipo baba akavaa lile gauni la maua, akafunga na kilemba, akaketi kwenye kigoda. Maziwa yakashuka.

Jirani yetu, aliyekuwa akielekea kwenye migomba yake, alisimama uani.

"Shikamoo, mama!" akapaza sauti, huku akijishika mbavu kwa kicheko.

"Marahaba, mwanangu," baba akajibu bila kugeuka. "Hujambo?"

Kijiji kizima kilicheka. Wiki iliyofuata mke wa jirani, ambaye ndiye aliyemkamua ng'ombe wao, alisafiri kwenda Mbeya, naye jirani akaja kwetu akichechemea, kuuliza kwa sauti ya chini kama kilemba nacho kilikuwa cha lazima.

Mama aliporudi, mzima, alilidai gauni lake. Baba alimweleza kwa upole kwamba ng'ombe hapendi mabadiliko. Mama akamnyooshea ukosi wa gauni alilokuwa amevaa.