Gari la Mbele Lilipozimwa

Mwanangu, kabla hujaenda Rangwe kupimwa kifua pamoja na vijana wengine wanaotaka jeshi, keti kwanza. Ipo siku moja ambayo sijawahi kukusimulia, nami naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, ingawa hilo usimwambie mama yako.

Nilikuwa dereva wa gari la deraya, lile la vita lenye chuma kinene, ng'ambo ya mpaka wa mashariki. Msafara wetu ulizunguka porini ukatokea nyuma ya adui, tukamfungia njia ya chakula na risasi. Kazi ilifanyika. Lakini ukiwa huko nyuma yake, mafuta yanapungua, adui anageuka kukutafuta, na njia ya kurudi ni moja tu, nyembamba, miiba huku na huku.

Chacha, Mkuria wa Migori, alishuka kukagua kama njia imetegwa mabomu. Watu wake na wetu wamegombania ng'ombe tangu zamani, lakini mimi naye tulikula sahani moja. Risasi ikampata. Alikufa mbele ya gari langu, nikimwona.

Kamanda akasema kwenye redio, "Muacheni hapo. Songa."

Nikazima injini. Langu ndilo lilikuwa gari la mbele, na hakuna aliyeweza kunipita.

"Ouma, unataka tumalizwe sisi wote?"

"Hapana, afande. Nataka turudi sisi wote. Chacha atazikwa kwao."

Kisha magari ya nyuma yakafyatua risasi kutukinga, wenzangu wawili wakashuka, wakamwingiza ndani. Nikawasha.

Nilivuliwa cheo. Wapo wanaoniita mkaidi hadi leo, na ni kweli, na ningefanya vile vile kesho asubuhi. Kule Migori, tulipomzika Chacha, mama yake hakuniuliza habari za cheo. Alinishika mkono mpaka kaburi likafunikwa.

Basi sikiliza. Jeshini nenda, sikukatazi, na amri uzitii. Ila usidanganywe na unene wa chuma. Kuingia nyuma ya adui hata mjinga anaweza. Wewe uliza mtatokaje, tena uulize mapema. Na wakikuambia umtupe mwenzako, kataa, hata kama watakupokonya kila kitu.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe kamanda mwenye utu. Akikunyima huyo, basi akuachie kichwa kigumu cha baba yako.