Shamba la Chuma la Stamena

Stamena Drumeva aliendesha winchi katika bandari ya Varna tangu akiwa msichana mpaka nywele zilipoingia mvi, na katika muda wote huo hakuwahi kutia mguu ndani ya kontena hata moja. Aliyaona kwa juu tu. Aliyanyanyua kutoka melini na kuyatua juu ya malori kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Kilichokuwemo ndani walikijua wenye mali na watu wa forodha. Yeye alijua uzito, basi.

Aliacha kazi siku magoti yalipogoma kupanda ngazi. Wenzake wakamfanyia karamu, wakampa saa ya ukutani na chupa ya rakia, pombe kali ya plamu, naye akarudi moja kwa moja Dabova Chuka, kijiji cha vilimani alikozaliwa mumewe, Tsonko.

Tsonko alikuwa amemtangulia kustaafu. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji, na shule ilifungwa kwa sababu watoto walikwisha. Vijana wote wamekwenda kuzalia mijini. Lakini mkono wake haukupata habari hizo. Aliendelea kupika sufuria la darasa zima kwa watu wawili, kisha akashangaa kwa nini chakula kinabaki.

"Unazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia," alimwambia mkewe wiki ile ya kwanza. "Keti, Mama Velina. Kahawa inapoa."

"Nimeketi maisha yangu yote kule juu. Sasa nataka kusimama."

"Simama basi, ila usinisimamie jikoni."

Kulima angependa, lakini shamba lao lilikuwa mwamba uliofunikwa udongo kidogo kwa heshima tu. Jembe likigusa linatoa cheche. Kilichomfungua macho ni mfuko mmoja wa uyoga ambao binti yao, Velina, aliwaletea kutoka Plovdiv, mfuko wa mabua ya ngano yaliyopandwa mbegu, wa kuning'iniza gizani. Stamena aliuning'iniza kwenye chumba cha chini ya nyumba akausahau. Alipoukumbuka, ulikuwa umechanua uyoga wa kijivu, mpana kama masikio ya punda. Tsonko akaukaanga kwa siagi na kitunguu saumu, akala, akanyamaza. Kwa Tsonko, kunyamaza mezani ndiyo sifa ya juu kabisa.

"Huu hautaki shamba," alisema Stamena. "Unataka giza, unyevu na hewa."

"Na siagi," alisema Tsonko.

Alimpigia simu Radost, mwenzake wa zamani aliyekuwa bado anafanya kazi kwenye yadi ya makontena. Radost akamwambia kwamba makontena yaliyozeeka yanauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na akitaka atamchagulia yasiyotoboka. Kufikia siku hiyo jioni Stamena alikuwa ameshachora mpango wote nyuma ya kalenda: makontena mawili ya kuotesha uyoga na miche, na la tatu, ubavuni mwake, la kusafishia, kukaushia na kusindika. Kila mwaka pilipili hoho za kijiji zilikuwa zinaozea maguniani kwa sababu wachoma hoho wamezeeka na kila mmoja anahangaika peke yake uani kwake. Kwa nini zisipikwe mahali pamoja, chini ya paa, na mpishi yupo?

"Mpishi gani?" aliuliza Tsonko.

"Yule anayepika sufuria la darasa zima."

Makontena yalikuja mwishoni mwa vuli, moja moja, juu ya lori lenye winchi yake ndogo. Njia ya kupandia ilikuwa nyembamba, na mahali pa kuyaweka palikuwa katikati ya mjozi, mti wa jozi wa Tsonko, na banda la kuku. Dereva, jamaa mnene wa taratibu, aliteremka, akatazama, akajikuna.

"Mama, hapa pana kazi."

Tsonko akamletea banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, iliyotoka jikoni sasa hivi. Jamaa alihitaji mikono miwili kuila, kwa hiyo akakitoa shingoni kidude cha vitufe cha kuendeshea winchi kwa mbali, akatafuta pa kukiweka.

"Nipe nikushikie," alisema Stamena.

"Umewahi kushika hiki?"

"Kikubwa kuliko hiki."

Alipokigusa, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyekuta kiti chake. Kontena lilipaa, likageuka hewani bila kuyumba, likapita kando ya mjozi bila kuangusha jani, likatua juu ya mawe yaliyopangwa. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani kutazama. Miongoni mwao alikuwa Penyo Gadzhev, jirani wa ukuta kwa ukuta. Penyo alivua kofia yake kwa heshima. Kisha akakumbuka kwamba hawasemezani na Stamena, akajikuna kichwa kana kwamba ndicho alichovulia kofia.

Ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi. Penyo ndiye aliyekuwa mchochea tanuri la mvuke katika shule ileile alikopika Tsonko. Mwaka fulani, kwenye sikukuu ya jina la Tsonko, siku ya mtakatifu wake, mbele ya wageni wote, Penyo alisema kwamba nyumba ile suruali inavaliwa na mke na aproni inavaliwa na mume. Watu wakacheka. Tsonko mwenyewe akacheka, maana aproni alikuwa ameivaa wakati huohuo. Stamena hakucheka. Tangu hapo hakumpa Penyo hata "hujambo," na Penyo, kwa ukaidi, hakuomba radhi. Wanaume wale wawili waliendelea kupitishiana vitu juu ya ukuta kama kawaida: yai, bisibisi, bakuli la supu. Stamena alijifanya haoni.

Kazi ikaanza. Jambo la kwanza lilikuwa sakafu. Kontena lina sakafu ya mbao, na wao walitaka zege lenye mfereji wa maji. Tsonko alizing'oa mbao, nzito, nyekundu, nzuri za kupendeza, akazirundika nje. Siku moja baridi kali ilipoanza, Radost alipiga simu kuuliza maendeleo.

"Mmevaa glavu lakini?" aliuliza.

"Za nini?"

"Zile mbao zimelowekwa dawa ya kuua wadudu, ili wasisafiri toka nchi hii hadi nchi ile. Usizitumie kwa chakula, na hata siku moja usizichome."

Stamena alikata simu, akatoka nje. Rundo lilikuwa limepungua nusu.

"Baba Velina, mbao ziko wapi?"

"Nimempa Penyo. Anakausha soseji kwa moshi, kuni zake mbichi."

Juu ya ukuta, moshi wa buluu ulikuwa unapanda polepole kwa raha zake.

Stamena hakukumbuka magoti. Alilisukuma lango ambalo hakuligusa tangu ugomvi, akakuta Penyo ameketi juu ya kigoda mbele ya kibanda chake cha moshi, soseji zimening'inia ndani kama pazia.

"Penyo, zima huo moto."

Penyo alimtazama kama aliyesikia sanamu ikisema. "Unasema na mimi?"

"Na wewe. Zima."

"Miaka yote hii hata salamu sina, leo umekuja kuniamrisha kwangu? Kama ni mbao, mumeo alinipa kwa mkono wake. Kilichotolewa kimetolewa."

"Sizitaki. Zina sumu."

"Sumu gani? Mbona zinanukia vizuri?"

"Hata sabuni inanukia vizuri, mbona huili?"

Hakungoja jibu. Alinyakua ndoo ya maji ya mabata bukini akaimwaga yote kibandani. Mvuke ulifumka, majivu yakaruka, soseji zikabaki zinadondoka matone meusi. Mabata bukini walipiga kelele kudai maji yao.

Penyo alisimama, uso umemwiva. Stamena akamweleza yote aliyoambiwa na Radost, kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo ningekula ningekufa?"

"Si leo. Labda si kesho. Sijui, na sikutaka tujue. Nilikuwa nakuchukia, Penyo, lakini si kiasi hicho."

Penyo alizitazama soseji zake. Ilikuwa nyama ya nguruwe aliyemlea mwenyewe tangu majira ya kuchipua. Alizishusha moja moja, akachukua koleo, akazifukia nyuma ya banda, huku mbwa wake akimtazama kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Mbao zilizobaki alizirudisha, na Radost akatuma gari la yadi lije kuzichukua zikateketezwe panapostahili.

Kesho yake Tsonko alimpelekea jirani mguu mzima wa nguruwe kutoka kwenye friza yao. Keshokutwa yake Penyo akatokea mlangoni mwa kontena la kwanza, kofia mkononi. Stamena alikuwa amepiga magoti juu ya mto, anasawazisha zege.

"Mama Velina," alisema Penyo. "Ile siku ya sikukuu. Nilikuwa nimelewa."

"Hukuwa umelewa. Chupa ilikuwa bado haijafunguliwa."

Penyo aliizungusha kofia mkononi. "Basi nilikuwa mjinga."

"Hapo sawa. Nipitishie huo ubao."

Akampitishia, na hakuondoka tena. Aliuliza mabua ya ngano watayasafishaje kabla ya kupanda mbegu, na alipoambiwa watayachemsha kwenye pipa, alisikitika kwa dhati: mvuke ungefaa zaidi. Kwenye ghala lake lilikuwepo tanuri dogo la mvuke la shule, alilolinunua shule ilipofungwa kwa sababu hakuweza kuvumilia kuliona linapelekwa kwenye chakavu. Lilikuwa limekaa chini ya turubai likingoja kazi. Waliliburuta wote watatu, wakalitia mabomba mpaka kontena la kusindikia.

Si kwamba mambo yalinyooka tangu hapo. Siku moja Stamena alipokwenda Varna kutafuta feni, Tsonko aliamua kutoboa mlango kati ya kontena la pili na la tatu. Upande wa kushoto ulienda mshazari, akaurekebisha kwa kukata kulia. Kulia kukazidi, akarekebisha kushoto. Stamena aliporudi, ukuta ulikuwa karibu haupo na paa limebonyea kama godoro la nyumba ya wageni.

"Nilitaka mlango wa kupita sufuria," alisema Tsonko.

"Sufuria au meli? Nguvu za kontena ziko kwenye pembe na kwenye makunyanzi ya ukuta. Umelitoa mbavu."

Walilinyanyua paa kwa jeki za lori, na Penyo akachomelea nguzo mbili za chuma na boriti juu yake. Ikabaki hivyo, mlango mpana kuliko wa kanisa. Baadaye Stamena na Penyo walikubaliana kwamba ni afadhali, ila hawakumwambia Tsonko.

Uyoga wa kwanza ulikuwa aibu. Bati lilitoa jasho, matone yakadondokea mifuko, nusu ikaota ukungu wa kijani. Nusu iliyopona ilichipua shingo ndefu nyembamba na vichwa kama vifungo vya shati. Tsonko aliukaanga akatafuna kwa muda mrefu.

"Ni kama kula kamba za viatu," alisema. Safari hii hakunyamaza.

Stamena aliketi mle ndani mlango ukiwa umefungwa, mpaka kichwa kikaanza kumgonga. Akaelewa: uyoga ulikuwa unanyoosha shingo kutafuta hewa. Walitoboa matundu chini na juu, wakafunga feni, wakatandika kuta na dari kwa sponji nene ya kuzuia baridi na karatasi nyeupe inayopanguswa. Mazao ya pili yalitoka mapana na manono. Mikahawa ya Varna iliyojaribu kilo moja ikaagiza kreti. Mwanzoni mwa machipuko, chini ya taa za kontena la pili, miche ya hoho ya kijiji kizima ilikuwa imesimama mistari, ya kila nyumba na kibandiko cha jina lake.

Vuli iliporudi, hoho zikaja. Wanawake walipanda kilima na matoroli, mikokoteni, na mmoja na kigari cha mtoto cha mjukuu aliyeko ng'ambo. Ndani walichoma, wakamenya, wakasaga. Tsonko alisimama mbele ya sufuria ambalo hatimaye lililingana na mkono wake, aproni ikiwa nyekundu mpaka kifuani, akawakemea kuhusu chumvi. Penyo alilinda mvuke wake na kumfukuza kila aliyegusa koki. Vicheko vilisikika mpaka barabara ya chini. Watu wakaanza kupaita Bandarini. Ukimuuliza bibi unakwenda wapi na ndoo, anasema, "Bandarini," kijijini ambako bahari haionekani hata ukipanda juu ya mnara wa kanisa.

Siku ya mwisho ya kupika, mtu mmoja kutoka kijiji cha pili alikuja kutazama, akamshika mkono Penyo na kumpongeza kwa jengo lake.

"Si langu," alisema Penyo. "Mimi ni wa mvuke. Mwenyewe yule pale, aliyevaa suruali." Akasita, akamtazama Stamena kwa hofu.

Stamena alikuwa anafuta mitungi. Alicheka mpaka ikabidi ashike meza, na Tsonko akatoka na mwiko kuuliza kuna nini.

Kisha Stamena akataka kontena la nne, la stroberi za majira ya baridi. Tsonko akaapa kwamba likija hilo, yeye anahamia Dobrich kwa dada yake. Lilikuja wiki mbili kabla ya Pasaka. Stamena alilitua mwenyewe, na Tsonko alikuwa amesimama chini ya mjozi, akimwelekeza kwa mwiko lipite kushoto kidogo.